Bado mikono tu

Ijumaa usiku. Watoto wamelala, cherehani nimeifunika.

Fundi akikwambia njoo kesho, kila mtu anajua ni uongo, na hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mbili hapa Ngamiani, Tanga, nilijificha ndani ya kazi yangu bila mwenyewe kujua kwamba najificha. Magauni yaliyokwisha katwa yalingoja mikono. Mifuko ya vitambaa ilirundikana chini ya meza hadi nikasahau kipi cha nani. Wateja waliguna, wakacheka, wakasema mafundi ndivyo walivyo. Ningekuwa karani wa benki, wiki ya pili wangeshanifukuza.

Nikidarizi shingo ya kanzu naweza kukaa tangu adhuhuri mpaka giza, maji sijanywa, mkojo umenibana. Lakini vifungo vitatu vya shati la shule vinanishinda wiki mbili. Nikivitazama tu, mwili unakuwa mzito kama nimeambiwa nihamishe kabati. Sasa mtu atakuelewaje? Mimi nilijiita mvivu. Mume wangu, kwa heshima yake, alisema "mzembe kidogo".

Mwaka jana nilikwenda Dar kumwona daktari wa magonjwa ya akili kwa sababu ya kukosa usingizi. Yeye akaanza kuniuliza mambo ya funguo, ya miadi, ya sufuria ninazounguza. ADHD, akasema, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuelekeza umakini au kutulia. Nilidhani hiyo ni ya watoto wanaoparamia mapazia. Akanieleza kwamba dalili ziko 18, tisa za umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima akiwa na tano za upande mmoja, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zinamvuruga nyumbani na kazini pia, hapo kuna neno. Kuhusu utoto wangu tukampigia mama.

"Huyu?" Mama alicheka mpaka nikamsikia kutoka kwenye kiti nilichokaa. "Ukimtuma chumvi anarudi na kibiriti, na chenji kaipoteza!"

Nikacheka nao. Kisha kwenye basi nikalia, kuanzia Chalinze mpaka Segera.

Dawa sijaanza. Zile za kuchangamsha ubongo huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, na presha yangu ilikutwa juu, kwa hiyo kwanza tunahangaika nayo: chumvi kidogo, kutembea asubuhi, kulala kabla ya saa tano. (Ritalin, mojawapo ya dawa hizo, ilipewa jina kutokana na Rita, mke wa mkemia Leandro Panizzon aliyeitengeneza mwaka 1944 huko Uswisi. Nalijua hilo kwa sababu usiku ule nilitakiwa kupiga pasi sare za watoto.)

Lakini nilichokaa kuandika leo si hicho. Ni mama mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyetoka eda juzijuzi. Miezi minne na siku kumi ndani, akataka gauni la kijani. Nikampokea kitambaa, nikampa tarehe. Tarehe ikapita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gauni?"

"Bado mikono tu. Kesho."

Mikono ilikuwa hata haijakatwa. ADHD haikusema uongo ule, niliusema mimi.

Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akajipepea kwa ncha ya kanga, akaongea: bei ya nazi, binti yake aliye Mwanza, chai ya tangawizi. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Akisema "hiyo mashine yako inalia vizuri", mimi nasikia "unashona vya wenzangu tu". Nikamwambia mume wangu, yule mama anakuja kunikalia ili anisimange. Mume wangu akauliza, "Kakwambia hivyo?" Nikakasirika.

Siku ya nne alianza, "Nyumbani saa hizi..." Nikamdaka. Kumalizia watu maneno yao ni mojawapo ya zile 18, na hiyo ninayo kamili.

"Najua mama, una haraka, nalimalizia."

Akaniangalia. "Sina haraka. Nyumbani saa hizi kimya, mwanangu. Saa kumi ndiyo alikuwa anarudi."

Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilipoinamisha macho nikaona mkono mmoja wa gauni la kijani umeshapachikwa, na wa pili uko chini ya sindano. Siku nne mtu amekaa pembeni yangu akiongea, nami nimeshona moja kwa moja bila kuinuka kutafuta simu. Daktari alikuwa ameshanidokeza: wengi wetu kazi hutulia tukiwa na mtu karibu, hata asipotusaidia lolote. Bibi zetu waliokuwa wakisuka ukili barazani pamoja hawakuhitaji kuambiwa hilo na daktari.

Nimelifikiria wiki nzima. Jina la hali yangu nililipokea kama risiti, nikazunguka nalo nikiwaonyesha watu ili wanielewe: mume, wateja, hata konda wa daladala nusura nimweleze. Yule mama hana risiti. Angeniambiaje? Aliniambia kila siku, kwa bei ya nazi na chai ya tangawizi, nami nikawa nasubiri amalize.

Gauni alilichukua Jumanne. Limemkaa vizuri, ingawa pindo la nyuma ningelirudia. Jumatano benchi lilikuwa tupu, na mimi nilishona vipande vinne vya watu wanne, hakuna nilichokimaliza.

Leo saa kumi kasoro kaja na kanga, anataka ipindwe. Nimeikunjua mezani. Imepindwa pande zote, tena kwa mkono, vizuri kuliko ninavyopinda mimi.

Nimemwambia nina kazi nyingi, haitakuwa tayari mpaka wiki ijayo.