Baba Yetu kwa Ghibu

Binti yangu alipomaliza wiki ya sita ya darasa la kwanza katika shule ya watawa hapa Morogoro, alifungua kitabu kidogo cha sala, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akanisomea Baba Yetu yote bila kukwama hata kwenye "litukuzwe", neno ambalo silabi yake ya mwisho huwatoa jasho watoto wengi wa umri wake. Nilifurahi mno, mpaka nilipokitazama kile kidole. Midomo ilikuwa imekwisha kufika kwenye "mkate wetu wa kila siku", ilhali kidole kilikuwa bado kinatambaa kwenye "utakalo lifanyike". Nikachukua karatasi, nikaandika "mkate" peke yake na kumwonyesha. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ni "mkeka".

Nilikwenda kumwona mwalimu wake, Sista wa makamo anayefundisha Kiswahili, nikidhani nampelekea habari mbaya. Hakushtuka hata kidogo. Alinieleza kwamba watoto hawa husali mstarini kila asubuhi, husali Malaika wa Bwana saa sita mchana na kuomba baraka kabla ya uji, hivyo baada ya miezi miwili tu huwa na akiba kubwa ya maneno wanayoyajua kwa ghibu. Kazi yake, alisema, ni kuyafunga maneno hayo kwenye herufi zake. Kiswahili kinasomeka jinsi kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anayezijua sauti na silabi zake hukosa kisingizio cha kubahatisha, isipokuwa pale anapoona kwamba kukumbuka ni rahisi kuliko kutazama.

Dawa yake niliiona mwenyewe siku ya wazazi kutembelea madarasa. Aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa zilizoumbwa vizuri, "Baba yetu uliye nyumbani", akawaambia wasome. Karibu darasa zima lilipaaza sauti: "Uliye mbinguni!" Watoto watatu au wanne tu walinyamaza, wakakodoa macho, halafu mmoja akaangua kicheko. Hao ndio waliokuwa wamesoma. Sista aligawa neno hilo vipande, nyu-mba-ni, akaandika chini yake mbi-ngu-ni, akawaacha watafute wenyewe mahali yanapofanana na mahali yanapoachana. Nadhani makatekista wa zamani, waliotufundisha dini kwa maswali na majibu ya kukariri neno kwa neno, wangemwona mtawa huyu ana utani uliopita kiasi, lakini mimi sijaona somo la kusoma lililonigusa kama lile.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Kama zilivyo shule nyingi za msingi za Kanisa nchini, hii nayo hufundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili ni somo mojawapo. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa kiini cha madarasa mawili ya kwanza, nami naona mpango huo ulikuwa wa busara; lakini mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha mbili kwa wakati mmoja hubeba mzigo ambao mzazi hauoni kwenye ripoti ya muhula. Binti yangu alikuwa akisoma "mtoto wake" kama "mtoto weik", kwa sababu asubuhi ileile neno hilohilo alikuwa amefundishwa kwa maana ya kuamka. Laiti ningeulizwa, ningeomba Kiswahili kitangulie walau mwaka mzima, herufi zitulie kwanza kichwani.

Katika kuhesabu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Wenzao kwingineko hutumia vijiti na vizibo vya soda, na hapa pia vipo, ila Sista wa hisabati alipofika kwenye makumi na mamoja aliwagawia rozari. Rozari ya kawaida ina punje 59: makumi matano ya Salamu Maria, na nje ya makumi hayo punje tatu za Salamu Maria na sita za Baba Yetu, yaani mamoja tisa. Mtoto mmoja Mwislamu, maana wapo si haba katika darasa lile, alisema tasbihi ya babu yake ina punje 99, na darasa zima likashughulika kuigawa hiyo nayo, makumi tisa na mamoja tisa. Binti yangu alirudi nyumbani akitaka kuhesabu kila kitu kilichotungwa kwenye uzi, hata shanga za mama mkwe.

Mama mkwe ndiye anayesali naye jioni. Alisoma shule ya misheni kabla Serikali haijazitaifisha kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na sala zake zote zimo kichwani hadi leo. Juma lililopita nilikuwa jikoni nikawasikia wakisali, bibi akitangulia kwa macho yaliyofumbwa na mjukuu akifuata kitabuni, kisha mjukuu akanyamaza.

"Bibi, hapa hapajaandikwa hivyo."

Bibi aliendelea maneno mawili matatu zaidi kwa mazoea yake ya zamani, akasimama, akaomba aletewe miwani.