Watoto Hawataki Milima: Rushmore, Crazy Horse na Devils Tower kwa Gari

Mtoto anayenuna njiani kwenda kuona sanamu za milimani hana ugomvi na mlima. Ugomvi wake ni na kiti cha nyuma cha gari, na yale anayojua yatafuata wakifika: atasimamishwa juani, ataambiwa atabasamu, atapigwa picha, kisha arudishwe kwenye kiti kilekile. Kwa familia za Waswahili walioko Minnesota, Iowa na Dakota Kusini, Black Hills, milima ya magharibi mwa Dakota Kusini iliyo na Rushmore na Crazy Horse, ndiyo inayofikika kwa gari likizo ya shule ikianza. Mzazi akipanga saa na vituo vizuri, na akampa kila mtoto kitu cha kutafuta kwa macho yake, nusu ya manung'uniko huisha. Nusu nyingine ivumilie, ni ya umri.

Kutoka Sioux Falls hadi Rapid City ni kama maili 350 kwa barabara ya I-90, yaani kilomita 560 hivi. Ni saa tano za usukani, na ukiwa na watoto hesabu saba. Kasi inayoruhusiwa sehemu kubwa ya njia ni maili 80 kwa saa, na barabara imenyooka katikati ya nyasi tupu, kwa hiyo mtoto huchoka kwa kukosa cha kutazama kabla hajachoka kwa umbali. Simameni Chamberlain, barabara inapovuka mto Missouri. Kwenye eneo la kupumzikia kuna sanamu ya chuma cha pua ya mwanamke mwenyeji wa nchi hiyo akiwa ameshika blanketi la nyota mgongoni, urefu mita 15, iliyosimamishwa mwaka 2016. Hakuna foleni, vyoo viko palepale, na watoto wanakimbia. Kituo cha pili kiwe hifadhi ya Badlands au mji wa Wall, ambako duka moja maarufu bado linatoa maji ya barafu bure na kahawa kwa senti 5. Chakula pakieni nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, matunda, kwenye boksi la barafu. Wanaokula halali wasitegemee kupata cha kula kwenye vimiji vya njiani.

Mkishavuka Missouri na kuendelea magharibi, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Wazazi wengi huona hilo kama usumbufu, kwa sababu mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili sasa atakuwa macho saa kumi na moja alfajiri. Tumieni nafasi hiyo. Nyuso za Mount Rushmore, za marais Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, zinatazama kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linazipiga moja kwa moja na kila mkunjo unaonekana; alasiri zinaingia kivulini na kuwa bapa. Ukiwa kwenye maegesho saa moja au saa mbili asubuhi, hakuna msongamano, hakuna joto, na radi za mchana za Juni na Julai, ambazo wakati mwingine huja na mvua ya mawe, bado ziko mbali. Ukilala Rapid City ni maili 23 tu. Chagua hoteli yenye bwawa la kuogelea, hata kama chumba ni kidogo. Bwawa la saa kumi jioni ndilo linalonunua utulivu wa asubuhi.

Kiingilio Rushmore ni bure. Unacholipia ni maegesho, ambayo kwa miaka kadhaa yamekuwa dola 10 kwa gari, na kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa hailipii maegesho hayo. Wengi huligundua hili wakiwa getini huku wamejawa na uhakika.

Sasa kosa linaloharibu ziara yenyewe: kwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mbele, kupiga picha, na kusema, "Haya, mmeona." Mtoto ataona vichwa vinne vya mawe na atakuwa amemaliza kwa dakika mbili. Mpe darubini (moja kwa kila mtoto, moja kwa wawili ni vita) na maswali ya kujibu. Kila uso una urefu wa mita 18, sawa na jengo la ghorofa sita. Roosevelt, wa tatu kutoka kushoto, ana miwani. Muulize mtoto vioo viko wapi. Havipo. Wachongaji walitengeneza daraja la puani na dalili ya fremu tu, jicho la mtazamaji likajaza sehemu iliyobaki. Kisha atazame mboni za macho. Ndani ya shimo la kila jicho kuliachwa kijiti cha jiwe kinachochomoza nje ili kikamate mwanga, na ndicho kinachofanya macho yaonekane hai kutoka mbali. Asubuhi, kwa darubini, kinaonekana.

Wa miaka minane hadi kumi na mbili wanapenda zaidi habari za kazi ilivyofanyika. Ilianza mwaka 1927 ikaisha 1941, chini ya mchongaji Gutzon Borglum, ambaye alifariki miezi michache kabla ya kumalizika, mwanawe Lincoln akakamilisha. Karibu watu 400 walifanya kazi pale, na asilimia 90 ya uchongaji ilifanywa kwa baruti. Walipofika karibu na uso uliotakiwa, walitoboa matundu mengi yaliyokaribiana mpaka jiwe likawa kama sega la nyuki, kisha wakabandua kilichobaki kwa mkono. Wachongaji waliteremshwa kwenye viti vya kamba za chuma, na vijana waliketi ukingoni kupokea kelele zao na kuzipeleka kwa waendesha winchi: mshushe, mpandishe, simama. Kijana wa miaka kumi na tano akisikia kwamba kupiga kelele ilikuwa ajira, atainua kichwa kutoka kwenye simu. Pamoja na baruti yote hiyo, hakuna aliyekufa kazini wakati wa ujenzi. Jefferson alianzishwa upande wa pili wa Washington, jiwe likawa bovu, wakamlipua na kumwanza upya alipo sasa.

Njia ya kutembea inayokaribia mlima ina urefu wa maili 0.6 na ngazi 422. Kigari cha mtoto hakifai kwenye sehemu ya ngazi, beba mgongoni. Wafanyakazi walikuwa wakipanda ngazi 700 kila asubuhi kabla hata ya kuanza kazi. Mwambie hilo yule anayedai amechoka kwenye ya hamsini. Chini kuna karakana ya Borglum yenye mfano wa plasta ambao ni sehemu moja ya kumi na mbili ya sanamu halisi, na hapo watoto wanaona kwamba mpango ulikuwa kuwachonga marais hadi kiunoni. Aiskrimu ya vanila iliyotengenezwa kwa kufuata mapishi ya Jefferson inauzwa pale juu. Nunueni baada ya ngazi, kamwe si kabla.

Kwa vijana wakubwa, jambo litakalowagusa ni umiliki wa ardhi yenyewe, na mzazi ajiandae nalo kabla ya kufika. Kwa Walakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, mlima huu ulikuwa wa Mababu Sita, na Black Hills zote ziliwekwa mikononi mwao kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868. Mwaka 1874 dhahabu ikapatikana, na 1877 serikali ikaichukua ardhi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1980 kwamba walipwe fidia. Walakota walikataa kuzichukua fedha hizo, na kwa riba zimepita dola bilioni 1. Wanataka ardhi. Mtoto wa familia iliyotoka Kenya au Kongo haelezwi kwa muda mrefu maana ya mzungu kuchora sura yake kwenye mlima wa watu wengine. Mpe ukweli na umwache abishane. Ubishi huo ndio utakaowapeleka mpaka kituo kinachofuata bila mtu kuuliza "tumefika?"

Mkitoka, fuateni barabara ya 244 kuelekea magharibi. Dakika chache mbele kuna kijia cha kuegesha ambapo Washington anaonekana ubavuni, pua na kidevu tu, bila malipo. Mbele kidogo ni ziwa la Horsethief, mahali pazuri pa kula na kulowesha miguu. Kutoka Rushmore hadi Crazy Horse ni maili 17.

Crazy Horse, sanamu ya shujaa wa Kilakota juu ya farasi, ni kazi isiyokwisha, na kwa watoto hiyo ndiyo raha yake. Ilianza mwaka 1948, mchongaji Korczak Ziolkowski akiitwa na mzee wa Kilakota Henry Standing Bear, na haitegemei fedha za serikali. Uso ulikamilika 1998, una mita 26.7, mkubwa kuliko wowote wa Rushmore. Farasi bado. Kwenye baraza kuna mfano mweupe wa sanamu nzima ukiwa umeelekezwa sawa na mlima. Msimamishe mtoto nyuma yake aseme kipi kimeshachongwa na kipi bado, hadi kwenye kichwa cha farasi kitakachokuwa na mita 67. Kiingilio hutozwa kwa gari kufuatana na idadi ya watu, na basi la kukaribia mlima lina malipo yake. Mwambieni mapema pia kwamba si Walakota wote wanaoikubali sanamu hii. Wapo wanaosema mlima ungeachwa ulivyo.

Hapo basi, siku hiyo imetosha. Msiingize na Iron Mountain Road kwa sababu tu iko karibu. Barabara hiyo, maili 17 za US 16A, ina kona 314, na mtoto mwenye tumbo lililojaa maziwa na aiskrimu atatapika kabla ya kona ya hamsini. Ifanyeni asubuhi nyingine, mkitokea Custer State Park kuelekea kaskazini, kwa sababu mahandaki yake yamekatwa ili vichwa vinne vionekane kama picha ndani ya fremu, na ukienda upande wa pili vinabaki nyuma yako. Kabla ya kuanza, wapeni mkate mkavu au biskuti na maji kidogo, chai ya maziwa isubiri. Simu na vitabu vifungwe: jicho likitazama kitu kilichotulia huku mwili ukiyumba, ndipo kichefuchefu kinapoanza. Aliye dhaifu akae mahali anapoona barabara mbele. Mifuko ya plastiki iwe mkononi, si kwenye buti. Dawa ya kichefuchefu inayouzwa bila cheti hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla. Kipimo kwa umri muulizeni mfamasia.

Familia yenye gari kubwa la abiria kumi na zaidi iepuke Needles Highway. Handaki la Needles Eye lina upana wa kama futi 8, na vioo vya pembeni vya gari la namna hiyo peke yake vinaweza kuzidi hapo. Kugeuza katikati ya msururu wa magari ni aibu ya nusu saa.

Devils Tower, jiwe kubwa lililosimama kama mnara, liko jimbo jirani la Wyoming, chini ya saa mbili kutoka Rapid City, na linastahili siku yake. Roosevelt yuleyule mwenye miwani isiyo na vioo ndiye aliyelitangaza mwaka 1906 kuwa eneo la kwanza la kumbukumbu la taifa (national monument), na mtoto aliyemchunguza kwa darubini jana atafurahi kumkuta tena. Jiwe limesimama mita 264 kutoka tako lake hadi kileleni. Njia ya kulizunguka ni maili 1.3 ya lami, mwanzo una mwinuko mkali halafu inatulia. Wape kazi ya kuhesabu pande za nguzo zilizoanguka: nyingi zina tano au sita. Wakiowa, kabila jingine la wenyeji wa asili, husimulia kwamba wasichana saba walikimbia dubu, jiwe likawainua, dubu akalikwaruza kwa kucha, na wao wakawa Kilimia angani. Vitambaa vilivyofungwa mitini ni vya ibada. Visiguswe wala kupigwa picha. Mikono isiingizwe chini ya mawe, kuna nyoka wa sumu. Karibu na lango wako vijinyama jamii ya kindi wanaobweka kwenye mashimo yao, na watoto wadogo watawakumbuka hao kuliko jiwe. Msiwape chakula.

Tarehe nazo zitazameni. Mapema Agosti waendesha pikipiki kwa maelfu hukusanyika Sturgis, maili 28 tu kutoka Rapid City, na vyumba hupanda bei au kuisha kabisa. Wiki mbili za mwisho za Juni ni bora, au baada ya katikati ya Agosti kama shule bado hazijafunguliwa.