Anza na mstari wa kwanza wa Zaburi ya 13

Katika makanisa mengi hapa Uganda mtu akipatwa na msiba huambiwa kwamba kazi yake ya kwanza ni kusifu. Amefiwa asubuhi, jioni anahimizwa apige makofi. Amefukuzwa kazi Ijumaa, Jumapili anaitwa mbele atoe ushuhuda wa ushindi. Sifa ya namna hiyo haikai. Ataimba kwa nguvu wiki mbili tatu, kisha utaona nafasi yake kwenye benchi ni tupu, na ukimuuliza atakujibu kwamba amechoka tu.

Kumsifu Mungu katika taabu kuna njia yake, na njia hiyo imo ndani ya Biblia hatua kwa hatua. Shida ni kwamba tunapenda hatua ya mwisho na kuziruka zile za mwanzo.

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Unaweza kuishika moyoni ndani ya wiki moja. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko matupu, na maneno "hata lini" yanarudi humo mara nne. Miwili inayofuata ni ombi: niangalie, unijibu, uyatie nuru macho yangu nisilale usingizi wa mauti. Miwili ya mwisho ndiyo tumaini na wimbo. Sasa itazame vizuri. Hakuna mahali panaposema kwamba shida imekwisha. Adui wa mstari wa pili hajaondoka mstari wa sita unapofika. Anayeimba yumo bado ndani ya taabu yake, ila ameshaisema yote kwa Mungu, ameshaomba, ndipo mdomo unafunguka kwa wimbo.

Zaidi ya theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na nyingi zinafuata mwendo huo: kulalamika, kuomba, kutumaini, kusifu. Zaburi ya 88 haifiki kabisa kwenye sifa, inaishia gizani. Nashukuru kwamba haikuondolewa. Iko pale kwa ajili ya yule ambaye leo hawezi kuimba, apate cha kumsomea Mungu badala ya kukaa kimya.

Nyumbani fanya hivi. Tenga robo saa, alfajiri kabla hujashika simu au usiku watoto wakishalala. Soma kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona, kwa maana macho yakisoma kimya mawazo hukimbilia kwenye madeni. Ukimaliza mstari wa pili, simama hapo. Sema shida yako kwa jina lake na kwa kiasi chake. "Bwana, unazijua shida zangu" ni sala ya mtu anayejificha. Sema: "Bwana, karo ya mtoto imebaki laki tatu, muhula unaanza Februari, na shamba la mahindi limeliwa na viwavi." Sema unavyojisikia pia, kama ni hasira iwe hasira. Ayubu alisema maneno makali kuliko yako, na mwishoni kabisa, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia wale marafiki waliojifanya mawakili wake, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Halafu omba jambo moja. Moja tu, na liwe la kupimika, ili likitokea ulitambue. Baada ya ombi, taja jambo moja ambalo Mungu alikwisha kulitenda, kwako au kwa watu unaowafahamu. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akasema hata sasa Bwana ametusaidia; wewe sema lako. Mwisho imba ubeti mmoja wa wimbo unaoujua bila kitabu. Ushauri wangu, imba kwa lugha uliyolelewa nayo: Kilugbara, Kiacholi, Kisoga, Kikonzo, yoyote ile. Kiswahili chetu ni kizuri cha kuombea pamoja na majirani wa makabila mengine, lakini machozi huja upesi kwa lugha ya mama.

Kuwa na daftari la shilingi chache, uandike tarehe na ombi lako. Kila mwisho wa mwezi lipitie. Yaliyojibiwa yatie alama. Ambayo hayajajibiwa usiyachane wala usiyafute. Yasome tena mbele za Mungu, nayo yawe malalamiko ya mwezi unaofuata.

Wako wanaokwama kwenye malalamiko. Miezi inapita, ombi halisemwi, wimbo hauji. Dalili yake ni kwamba mtu anazungumza na kila anayekutana naye juu ya Mungu, ila na Mungu mwenyewe hazungumzi. Dawa ni kumpa mwenzake wa kuomba naye, na kumsaidia afike kwenye lile ombi moja hata kama ni dogo kama usingizi wa usiku huu. Lakini kama amepoteza usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili au zaidi, au anasema afadhali angekufa, hilo si jambo la mkesha. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Mchungaji anayemsindikiza mgonjwa hadi huko amefanya kazi ya Mungu.

Wengine hukosea upande wa pili: wanashukuru kwa ajili ya uovu wenyewe. Nimesikia sala zinazomshukuru Mungu kwamba mtoto amekufa kwa malaria, au mama anaambiwa amshukuru Mungu kwa mume anayempiga. Habakuki hakufanya hivyo. Katika sura ya 3, mstari wa 17, anahesabu hasara sita: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Hakuna hata moja anayoiita baraka. Anasema vimekwisha, na mstari wa 18 anasema atamfurahia Bwana. Furaha yake imeshikwa na Bwana, na zizi tupu linabaki kuwa zizi tupu. Mkulima wa Bugisu, kule kwenye mlima Elgon, ambaye kahawa yake imeshuka na maporomoko ya udongo anaweza kuomba sala hiyo bila kusema uongo.

Kuna Paulo na Sila pia. Matendo 16:25, usiku wa manane gerezani, migongo ina majeraha, miguu imefungwa kwenye mkatale, nao wanaimba. Mahubiri juu ya mstari huo ni mengi. Mstari wa 37 hauhubiriwi sana: asubuhi yake Paulo anakataa kutolewa kimyakimya. Wametupiga hadharani bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi. Waje wenyewe watutoe. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki mchana. Kwa hiyo mjane anayenyang'anywa kibanja, yaani kipande chake cha ardhi, na ndugu wa marehemu asiambiwe aimbe tu na kuwaachia. Aimbe, kisha aende kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na barua yake, na kanisa limpe watu wawili wa kufuatana naye.

Historia ya kanisa letu ina jambo hilo hilo. Mwanzoni mwa Februari 1977 wanajeshi walipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku. Maaskofu wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamika juu ya upekuzi huo na juu ya mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akauawa; serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili ulipelekwa kwao Mucwini, Kitgum, ukazikwa huko. Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kampala, kaburi lilikuwa limeshachimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Jumapili iliyofuata waumini walikusanyika Namirembe kwa wingi, kaburi likiwa wazi na mwili haupo, wakaimba na kutangaza ufufuo. Watu hukumbuka wimbo wa siku ile na kusahau barua. Vyote viwili vilitoka kwenye imani moja, na barua ilitangulia.

Hata Balokole wa zamani, wale wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, walikuwa na utaratibu huo. Mtu alisimama akasema ukweli wake mbele ya wenzake, dhambi yake au uchungu wake, ndipo wote wakaitikia kwa wimbo wa kumtukuza Yesu. Ukweli kwanza. Nasikitika kwamba katika ibada zetu nyingi leo kipaza sauti kinafika kabla ya ukweli.

Sasa dawa, nami nitasema wazi. Kumtumaini Mungu hakumtaki mtu aache dawa. Anayetibiwa kifua kikuu kwa kawaida hunywa dawa miezi sita. Akiacha baada ya miwili kwa sababu kikohozi kimepoa na ameombewa, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na matibabu yanayofuata ni magumu zaidi. Mwenye virusi vya Ukimwi akiacha ARV, dawa zake za kuvizuia, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Mwenye kifafa akikatiza vidonge ghafla anaweza kushikwa na degedege lisilokoma. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifunge bila kuongea na mhudumu wa afya: sukari ikishuka atatetemeka, atatokwa na jasho jembamba na kuchanganyikiwa, na kwenye mkesha wenye kelele watu watadhani ni roho imeshuka. Akionekana hivyo na bado anaweza kumeza, apewe soda au maji yenye sukari mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasilazimishwe kufunga. Wapo wanaoweza kuacha redio au nyama kwa wiki, nayo ni mfungo. Mhubiri anayetaka uache dawa, au utoe pesa ya karo kama "mbegu" ili msiba uondoke, mkimbie.

Ukimwombea mgonjwa wodini, kaa chini kwanza. Muulize: "Mzee, tuombe nini?" au "Mama, unataka tumwambie Mungu nini?" Tumia maneno atakayokupa. Dakika mbili zinatosha, kwa sauti isiyofika kitanda cha pili. Usitaje tarehe ya kupona. Anayeahidi kwamba Ijumaa utatoka amemwekea mgonjwa mtego, maana Ijumaa ikipita atajiona yeye ndiye asiye na imani. Na umkumbuke anayemuuguza, yule anayelala sakafuni juu ya mkeka. Yeye anahitaji uji, maji ya kuoga na mtu wa kumpokea kwa saa tatu alale.

Matangani, kiongozi wa nyimbo ana kazi nyeti. Anzisha wimbo kwa sauti ya chini kuliko ile ya Jumapili, kwa kuwa koo la mtu aliyelia halipandi juu, na wimbo ukimshinda ataacha kuimba nyumbani kwake mwenyewe. Chagua nyimbo za zamani ambazo bibi wa kijijini anazijua. Beti mbili au tatu, kisha nyamaza kidogo kabla ya wimbo mwingine. Ukimya huo waachie wafiwa. Ngoma na spika ziachwe mpaka wenye msiba waziombe. Usimwambie mfiwa ainuke wala ainue mikono. Anayelia mwache alie, Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro huku akijua atamfufua. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, nayo ndiyo siku saba pekee walizomfaa.

Maneno haya yasitoke mdomoni mwako mbele ya jeneza: "Mungu alimpenda zaidi", "usilie, utamkufuru Mungu", "kila jambo lina sababu." Sema "pole sana, tuko nawe," toa mabugo yako, yaani mchango wa rambirambi, shika sufuria ukasaidie jikoni.

Hapa kwetu maziko hufanyika upesi, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu, na watu hujaa uani. Wiki ya tatu uani hapana mtu. Kikundi cha sala kinachotaka kumsaidia mfiwa amsifu Mungu kweli kipange zamu tangu siku ya maziko: nani ataenda wiki ya tatu, nani mwezi wa tatu, nani siku ya kufungua shule Mei na Septemba, na nani tarehe ya mwaka. Aende na sukari, sabuni na Biblia. Wasome Zaburi ya 13 pamoja. Ikiwa mfiwa ataishia mstari wa pili akalia, funga Biblia, chemsheni chai, na umwambie utarudi wiki ijayo kuendelea na wa tatu.