Yuro 30 Mpaka kwa Sofonisba

Kutoka Napoli nilikesha kitini melini, maana bei ya chumba ilinikata maini. Kiyoyozi kilipuliza kana kwamba tumebeba samaki. Nikashuka Palermo shingo imekaza, nikamwonyesha dereva teksi jina la kanisa kwenye simu: San Giorgio dei Genovesi. Akanizungusha. Tukapita soko, tukapita bustani, tukapita soko lile lile tena, yeye anaimba tu. Yuro 30! Nashuka, natupa macho mwisho wa barabara, naliona bomba la meli yangu.

Na kanisa limefungwa.

Nililifuata kaburi la Sofonisba Anguissola, binti wa Cremona aliyechora sura za watu. Mwaka 1559 aliitwa Hispania, ikulu ya Mfalme Philip II, akawa anamfundisha malkia kuchora. Picha aliyomchora mfalme mwenyewe, iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi ya mwanamume. Alipofiwa na mume wa kwanza akapanda meli, na humo akampata nahodha Orazio Lomellini, mdogo kwake kwa umri. Akaolewa naye, ndugu wapende wasipende. Meli zingine zina bahati.

Nilikaa ngazini kwa kanisa, nimenuna, nikimwaza Sofonisba akiwa bibi mzee, Julai 1624. Mchoraji Van Dyck, kijana wa miaka 25, alimfuata hapa Palermo. Macho ya bibi yalikuwa yameshafifia, lakini alipochorwa alimwelekeza kijana: mwanga usitoke juu sana, vivuli vitakuza makunyanzi.

Hapo nikacheka peke yangu. Bibi yangu, Tanga, alipoletewa mpiga picha wa kitambulisho, alihamisha kigoda mara tatu chini ya mwembe. "Mwanangu, jua la utosini litaniongezea miaka ambayo sijaila." Mpiga picha akafoka kwamba amechelewa. Bibi akajifunga kanga upya, taratibu. Picha ile ilitoka nzuri, na mpaka leo iko ukutani kwa mama, imepauka pembeni kwa chumvi ya bahari.

Kesho yake mlango ukafunguliwa. Jiwe liko pale, maandishi ya Kilatini, limewekwa na nahodha mwaka 1632, miaka saba baada ya kumzika. Nikasimama kidogo, nikatoka.

Kurudi bandarini nilikwenda kwa miguu, begi begani. Dakika kumi na moja. Nilihesabu.