Ufa Huanzia Kwenye Tundu la Bolti

Septemba 2019, mafundi waliokuwa wakigeuza Boeing 737NG ya abiria kuwa ya mizigo walikuta nyufa mahali pasipotarajiwa: pale bawa linaposhikana na kiwiliwili. Kipande chenyewe Wamarekani hukiita uma wa achari, kwa sababu ya meno yake. Kazi yake ni kupokea nguvu za bawa na kuzigawa kwenye fremu ya kiwiliwili. Kilisanifiwa kidumu safari 90,000, na safari moja ni kuruka mara moja na kutua mara moja. Nyufa zilionekana hata kwenye ndege isiyotimiza safari 27,000. Kufikia katikati ya Oktoba, ndege 810 zilikuwa zimekaguliwa na 38 zikakutwa na nyufa. 737NG ndiyo familia ya 737-800, ndege ambayo wasafiri wa Nairobi na Kigali wanaipanda kila siku.

Kwa nini pale? Ndege ikiwa chini, bawa linaning'inia kwa uzito wake na wa mafuta, na upande wake wa chini unabanwa. Ikiruka, hewa inalinyanyua bawa na upande ule ule unavutwa. Kila safari huleta mzunguko huo mkubwa mmoja, juu yake mitikisiko midogo ya upepo. Ndiyo maana umri wa sehemu hizi huhesabiwa kwa safari, si kwa saa za angani peke yake.

Sasa toboa tundu la bolti katika bamba linalovutwa. Ukingoni mwa tundu la duara mkazo hupanda mpaka karibu mara 3 ya ule wa bamba zima. Ongeza mkwaruzo wa keekee, au kutu kidogo, na ufa umepata pa kuanzia. Aluminiamu haisamehe: ukizidisha mkazo kwa asilimia 10 tu, umri unaweza kupungua kwa karibu theluthi. Ndiyo maana viwanda hupitisha chuma kinene kuliko tundu, kikiwa ndani ya ala nyembamba ya chuma, ili tundu litanuke kwa takriban asilimia 4. Metali iliyolizunguka hubaki imejibana, na ufa hupata taabu kufunguka.

Kinyume chake kilitokea Australia. Tarehe 31 Desemba 1968, ndege ya abiria aina ya Vickers Viscount iliyokuwa ikienda Port Hedland ilikatika bawa la kulia na watu wote 26 wakafa. Boriti ya chini ya bawa ilikuwa imepewa umri wa safari 11,400. Ilikatika ikiwa na 8,090. Chanzo kilikuwa bushi moja, yaani kibomba kifupi cha metali cha kuvika tundu, iliyotanuliwa mdomo kisha kusukumwa kwenye tundu la bolti. Boriti ile haikuwa na msaidizi. Umri ulioandikwa kwenye karatasi ulikuwa unaihusu boriti nzima, si ile iliyokwisha kuumizwa.

Jibu la wahandisi lilikuwa kuweka njia ya pili ya nguvu: kipande kimoja kikikatika, jirani yake abebe. Ni wazo zuri, lakini lina mtego, na mtego huo ulionekana Lusaka tarehe 14 Mei 1977. Boeing 707 ya mizigo, iliyotoka London kupitia Nairobi, iling'oka bawa dogo la mkia la kulia ikikaribia kutua. Wote 6 waliokuwemo walikufa. Boriti ya nyuma ya bawa hilo ilikuwa na kipande cha akiba. Lakini ufa ulianzia kwenye tundu la kifungio, ukala kipande cha juu, na ukaguzi uliokuwepo haukuweza kuuona kwa wakati. Akiba ikaachiwa mzigo bila mtu kujua. Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote ya fani hii, na kanuni za Marekani zilibadilika mwaka 1978: msanifu achukulie kwamba ufa upo tayari, ahesabu utakua kwa kasi gani, kisha apange ukaguzi kabla haujafika ukubwa wa hatari.

Uma wa 737NG ulikaguliwa kwa mtindo huo. Ndege zilizofikisha safari 30,000 zilipewa siku 7 za kukaguliwa. Zilizopita 22,600 zilipewa safari 1,000. Fundi huisafisha sehemu kwanza, kwa kuwa grisi na uchafu huficha ufa mwembamba kama unywele. Kisha hupiga mwanga kwa mshazari, na pale jicho lisipofika huingiza kamera ya waya. Hatazami uma tu: mkanda wa akiba ulio pembeni yake nao hukaguliwa. Ufa ukionekana, ndege hairuki tena mpaka itengenezwe. Usipoonekana, agizo la 2019 lilitaka kazi irudiwe kila safari 3,500.