Kopo la maneno

Darasa langu la nne, Wete, Pemba, nilikuwa naandika maneno kumi ubaoni kila Jumatatu. Watoto wananakili, Ijumaa wananipa maana zake kama kasuku, Jumatatu ya pili hakuna anayelikumbuka hata moja. Nikawakaripia, nikawarudisha baada ya saa za skuli. Haikufaa kitu.

Kilichonizindua ni msimu wa karafuu. Mtoto mmoja, mzito wa kusoma, alikuwa akimfundisha mwenzake tofauti ya makonyo na mpeta: makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua, ndivyo vinavyopelekwa kiwandani Wawi kutolewa mafuta, mpeta ni karafuu iliyovunda kwa kuchelewa kuanikwa. Nami mwalimu nimekaa nawaandikia "uwanja wa ndege"!

Nikachukua kopo tupu la maziwa, nikakata maboksi vipande vipande vya kuandikia maneno ya kutiwa humo. Sharti moja tu: neno litoke kwa mtu, si kitabuni, na aliyelileta aeleze kalisikia wapi. Wa kwanza akaja na "foromali", boriti inayobeba tanga, kapewa na babu yake. Mwengine "kalafati", pamba ya kuzibia nyufa za chombo cha baharini. Wiki ya tatu wakaanza kugombania zamu.

Tatizo likawa kopo kujaa maneno yasiyotumika. Basi kila asubuhi mmoja huchomoa kipande, na anayelitia neno lile katika sentensi yake kabla ya mapumziko hulichukua kwenda nalo nyumbani. Wazazi wananilalamikia kwamba wanaulizwa maswali mpaka usiku.

Sasa tuna makopo matatu.