Mikono Mitupu ya Mfalme Richard

Siku za Ijumaa National Gallery, jumba la picha la London, huchelewa kufunga, na kwa kuwa kiingilio chake ni bure nimejizoeza kupitia pale nikitoka kazini. Sina desturi ya kuzunguka vyumba vyote. Huchagua kitu kimoja nikakitazama mpaka miguu ichoke. Wiki hii nilisimama mbele ya picha ndogo ya mbao mbili iitwayo Wilton Diptych, nikarudi nyumbani moyo umejaa, na nimeona niyaandike haya kabla hayajapoa.

Anayeiona kwa mara ya kwanza hushangazwa na udogo wake. Kila ubao una urefu wa sentimita 53 na upana wa sentimita 37, na mbao hizo zimeunganishwa kwa bawaba ili zifungwe kama kitabu na kubebwa safarini. Haikukusudiwa kuangikwa kanisani ambako umati ungeitazama kwa mbali. Ilichorwa kati ya mwaka 1395 na 1399 hivi kwa ajili ya mtu mmoja tu, Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, ili aifungue popote alipo, apige magoti mbele yake na kusali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na picha ya Bikira Maria ndogo kama kiganja, akiifunga ndani ya leso pamoja na rozari yake, na pembe za picha ile zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa. Ndiyo iliyonijia niliposimama mbele ya kioo, kwa sababu kazi ya vitu hivi viwili ni moja, ijapokuwa kimoja kilipambwa kwa dhahabu ya mfalme na kingine kilichapwa kiwandani.

Ukizifungua mbao hizo, kushoto unamwona mfalme amepiga magoti juu ya ardhi kavu, na nyuma yake wamesimama watakatifu watatu wanaomtambulisha. Wa kwanza ni Mtakatifu Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadenmaki mwaka 869, naye ameshika mshale uliomtoa uhai. Wa pili ni Mtakatifu Edward Muungamadini, mfalme aliyefariki mwaka 1066, akiwa na ile pete ambayo mapokeo yanasema alimpa maskini aliyemwomba sadaka, na maskini huyo akaja kujulikana kuwa ni Mtakatifu Yohane Mwinjili. Wa tatu, aliye karibu zaidi na Richard, ni Yohane Mbatizaji, amempakata mwanakondoo kama mama anavyompakata mtoto. Ubao wa kulia ni ulimwengu mwingine kabisa: chini ni majani na maua, na juu ya maua hayo amesimama Bikira Maria akiwa na Mtoto Yesu mikononi, akizungukwa na malaika kumi na mmoja, wote wamevaa samawati iliyokolea hata macho yanahitaji muda kutofautisha vazi la huyu na bawa la yule.

Kutoka mbao hizo mbili wengi huona watu walioelekeana, wakaishia hapo. Mimi nilivutwa na mikono ya mfalme. Katika picha nyingi za ibada anayesali hufumbata viganja vyake pamoja, lakini Richard hakuvifumbata. Ameinyosha mikono mbele, viganja vimeachana, na havina kitu. Ng'ambo ya bawaba Mtoto Yesu anainama kumwelekea huku amenyosha mkono wa baraka, na malaika mmoja ameshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu. Je, mfalme ametoka kuikabidhi bendera hiyo, au anangoja kuipokea? Wataalamu wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu, na maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni kwamba yote mawili ni kweli: Richard amemtolea Bikira Maria ufalme wake uwe mali yake, naye anarudishiwa autunze kwa niaba yake. Mchoraji amechagua dakika iliyo katikati ya kutoa na kupokea, dakika ambayo mfalme hana chochote.

Jina la mchoraji huyo halikuandikwa popote, na hata nchi yake inabishaniwa, wengine wakisema alikuwa Mwingereza na wengine Mfaransa. Hata hivyo kazi yenyewe inamtaja kila mahali. Mbao ni za mwaloni, mti uliotumiwa na mafundi wa kaskazini mwa Ulaya, ilhali mafundi wa Italia walitumia mipopla. Juu ya ubao ilipakwa chaki iliyochanganywa na gundi, tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama pembe ya ndovu. Mahali pa dhahabu palipakwa udongo mwekundu laini, kisha zikalazwa karatasi za dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi, na baadaye dhahabu hiyo ikasuguliwa ing'ae. Rangi zilikorogwa kwa kiini cha yai. Yai hukauka upesi mno, kwa hiyo fundi hawezi kulainisha rangi kwa kuisambaza kwa brashi pana. Hana budi kuchora mistari midogomidogo, mmoja kando ya mwenzake, maelfu kwa maelfu, mpaka shavu lionekane la mviringo. Chini ya ngozi za nyuso alitangulia kupaka udongo wa kijani, kama walivyofanya Waitalia, na ndiyo sababu nyuso zile zina ubaridi fulani wa alfajiri chini ya wekundu wao.

Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye joho la mfalme, na ningeomba kila atakayekwenda pale afanye vivyo hivyo. Ukiwa mbali unaona kitambaa chekundu kilichotariziwa dhahabu. Ukisogea, pua karibu iguse kioo, unatambua kwamba mambo yalikwenda kinyume: dhahabu ilitangulia, ikafunikwa yote kwa rangi nyekundu ya zinjifuri, kisha fundi akachukua kijiti chenye ncha na kuikwangua rangi ile mahali anapotaka pambo litokee. Hakuongeza dhahabu, aliifunua. Baada ya hapo akaidonoa dhahabu iliyofunuliwa kwa ncha ndogo, nukta baada ya nukta, ili kila nukta ishike mwanga kwa namna yake na kitambaa kionekane kinatikisika ukipiga hatua. Nilipiga hatua moja kushoto na moja kulia mara nyingi kuliko ilivyostahili mbele ya watu, na kila mara joho liliitika. Ukikumbuka kwamba picha hii ilitazamwa kwa mwanga wa mishumaa, utaelewa kwamba fundi alikuwa akichora kwa ajili ya mwali unaocheza.

Nukta hizohizo zimetumika kwa jambo zito zaidi. Ndani ya duara la utukufu linalozunguka kichwa cha Mtoto Yesu, kwa kudonoa dhahabu tu pasipo rangi yoyote, fundi amechora taji la miiba na misumari mitatu. Havionekani mpaka mwanga uangukie pembe inayofaa. Mama naye ameushika wayo mdogo wa mwanawe kana kwamba anautanguliza mbele yetu, na mtu akishaiona misumari ile hawezi tena kuutazama wayo huo kwa utulivu.

Samawati ya malaika nayo ina habari yake. Imesagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa katika milima ya nchi tunayoiita leo Afghanistan, likavuka jangwa na bahari hadi Ulaya, na kwa safari hiyo likawa miongoni mwa rangi za bei kubwa kabisa. Fundi wa kawaida aliitunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria peke yake. Hapa wamevishwa malaika wote kumi na mmoja. Wako wanaosema idadi hiyo inakumbusha umri wa Richard, kwa kuwa alipotawazwa Julai 1377 alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja, na kweli katika picha amechorwa kijana asiye na ndevu ijapokuwa wakati huo alikuwa anakaribia miaka thelathini.

Sasa nifike kwenye jambo linalowakwaza wengi, nami lilinikwaza. Kifuani pa kila malaika kuna beji ya ayala mweupe, mnyama anayefanana na kulungu, nembo ya Richard, na shingoni wamevaa maganda ya mmea wa jenista, ule uliozaa jina la ukoo wake wa kifalme, Plantagenet. Maganda hayo yalikuwa pia alama ya mfalme wa Ufaransa, Charles wa Sita, ambaye Richard alimwoa binti yake Isabella mwaka 1396. Beji ya ayala waligawiwa wafuasi wa Richard katika mashindano ya mapigano ya farasi yaliyofanyika Smithfield, London, mwaka 1390, na aliyeivaa alitangaza kwamba yeye ni mtu wa mfalme. Sisi tunaoshona sare za harusi tunajua vizuri vazi moja linavyosema nani ni wa upande gani. Malaika wa mbinguni wavae sare ya mfalme wa duniani? Kwa mtazamo wa kwanza ni majivuno ya kutisha, na sitaki kuyafunika. Lakini kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba majivuno na unyenyekevu vimo pamoja katika moyo uleule. Richard aliamini kwa dhati kwamba upako wake ulitoka kwa Mungu. Mwezi Juni 1381, akiwa na miaka kumi na minne, alikwenda kwanza kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Edward huko Westminster kabla ya kuwakabili waasi wa Wat Tyler. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1367, sikukuu ya Epifania, Mamajusi walipomwabudu Mtoto. Nasi tunao hapa wafalme watatu, Edmund, Edward na Richard, mbele ya Mtoto yuleyule. Wenzake wawili wameshika kitu. Yeye hana.

Juu ya mlingoti wa bendera kuna tufe dogo lenye upana wa sentimita moja hivi. Kwa karne nyingi halikuwa na maana yoyote kwa watazamaji, mpaka picha iliposafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wataalamu wakaona ndani yake kisiwa cha kijani chenye miti na ngome nyeupe, na mashua yenye matanga baharini. Bahari ilipakwa fedha, ambayo sasa imesawijika. Nchi nzima, pamoja na kodi zake, vita vyake na maasi yake, imetoshea mahali ambapo ukucha wangu wa kidole cha mwisho ungeifunika. Mfalme mwenyewe angeweza kuuona ufalme wake mle kwa kuinama tu.

Mwaka 1399 binamu yake, Henry wa Bolingbroke, alimwondoa katika kiti, na mwaka uliofuata Richard akafa kifungoni katika ngome ya Pontefract. Picha ikaendelea kuishi. Ilifika mikononi mwa Mfalme Charles wa Kwanza, baadaye ikahifadhiwa Wilton House, nyumba iliyoipa jina, na National Gallery ikainunua mwaka 1929.

Watu wengi huondoka bila kuzunguka nyuma, nami nilikaribia kuondoka. Upande wa nje wa ubao mmoja una ngao ya mfalme iliyounganishwa na ya Mtakatifu Edward. Upande wa nje wa ubao wa pili yuko ayala mwenyewe, neno ambalo wasomaji wa Zaburi ya 42 wanalijua, amelala juu ya majani, shingoni ana taji na mnyororo wa dhahabu. Kati ya majani hayo kuna matawi ya rosemari, alama ya Malkia Anne wa Bohemia, mke wa kwanza wa Richard, aliyefariki mwaka 1394, na ambaye kwa kumlilia mfalme aliamuru jumba la Sheen alimofia libomolewe. Upande huu umechakaa kuliko wa ndani, rangi imechubuka na dhahabu imekwanguka. Ndani alikuwako Isabella kwa maganda ya jenista. Huku nje, mahali ambapo mikono ilishika kila sala ilipokwisha na mbao kukunjwa, kulikuwa na rosemari ya Anne. Mlinzi alikuwa ameanza kutuomba tutoke. Nilibaki kidogo nikimtazama ayala yule na matawi yale membamba ya kijani, yaliyochorwa moja moja.